Mjomba, usitazame mpira!

Wengi wetu tukikutana na ule mchezo wa Wamarekani kwenye runinga hubadilisha stesheni kabla dakika tano hazijapita. Tunaona majitu ya miraba minne yaliyovaa helmeti na mabega ya kujazwa yakigongana mithili ya fahali. Filimbi inalia. Wanasimama, wanakusanyika kama wazee wa baraza, wananong'onezana, kisha wanarudi kugongana tena. Mpira wenyewe umechongoka pande zote mbili, na ingawa wenyewe wanauita mpira wa miguu, mguu hauugusi ila mara mojamoja. Mtu aliyelelewa na kandanda ya Gor Mahia na AFC Leopards hana budi kujiuliza: hawa wanacheza nini hasa?

Swali hilo ndilo nililomuuliza mpwa wangu mnamo Julai 2014, alipoletwa nyumbani kwa likizo akiwa na umri wa miaka kumi. Dada yangu ni muuguzi mjini Tacoma, karibu na Seattle, katika jimbo la Washington huko magharibi mwa Marekani, na mtoto alizaliwa huko huko. Alitua Nairobi akiwa amevaa shati la buluu lenye nambari 29 mgongoni, mpira uliochongoka kwapani, na Kiswahili cha maneno matatu: jambo, asante na chapati.

Jambo hilo lilimuuma sana mama yangu. Yeye anaishi Taita, na lugha zake ni Kidawida na Kiswahili. Kiingereza chake ni kile cha kumjibu daktari. Mjukuu aliyemsubiri kwa miaka kumi alisimama mbele yake kama bubu, akampa mkono, akaenda zake kuketi chini ya mwembe na mpira wake. Mama hakusema neno mbele ya dada yangu. Usiku, tulipobaki wawili jikoni, aliniuliza, "Mwanangu, na huyu mtoto nitazungumza naye lini?"

Asubuhi yake nilimwendea kijana chini ya mwembe tukafanya mapatano. Angenifundisha mchezo wake, lakini kwa Kiswahili. Neno asilolijua ningempa, na neno nisilokuwa nalo tungelitafuta pamoja. Alikubali, nadhani kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kurushiana mpira naye. Tulichora uwanja kwa kijiti kwenye mchanga, kokoto zikawa wachezaji.

Sheria za msingi si ngumu, msomaji. Uwanja una urefu wa yadi 100, na mwishoni mwa kila upande pana yadi nyingine 10 za kufungia. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa mengine manne. Wakishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Kila jaribio huanzia pale lile la awali lilipokomea, na hiyo ndiyo sababu ya filimbi nyingi na vikao vya kunong'onezana. Katika kila kikao timu inaambiwa ni hila gani itakayotumika sasa.

Wanaofuata raga wataona undugu hapo, kwani mchezo huu ulizaliwa na raga. Tofauti kubwa ni moja. Katika raga ukipasi mpira mbele kwa mkono, refa anapuliza. Wamarekani huruhusu pasi moja ya mbele katika kila jaribio, mradi mrushaji awe bado yuko nyuma ya mstari wa kuanzia. Ruhusa hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Katika msimu wa 1905 vijana kadhaa wa vyuo walikufa viwanjani kwa kulaliana na kukanyagana, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Pasi ya mbele ilihalalishwa mwaka uliofuata, 1906, ili watu watawanyike uwanjani wapungue kuuana. (Nilimsimulia mpwa wangu pia habari za Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013 bila ya kuwahi kuucheza mchezo huo. Alikodoa macho. Hakujua kwamba njia kutoka kwetu hadi kwao iliwahi kupitwa na mtu.)

Pasi hiyo ya mbele ndiyo iliyoufanya mchezo kuwa wa akili. Anayeirusha huitwa kwotabeki. Mbele yake husimama majitu matano ambayo hayaruhusiwi kuidaka pasi hiyo. Kazi yao ni kuwa ukuta tu. Watano wengine ndio wapokeaji, nao hutawanyika kila mmoja na njia yake iliyopangwa kwenye kikao. Mmoja hukimbia yadi tano akakata ndani kwa mshazari. Mwingine hukimbia kumi akageuka ghafla. Wa tatu hutimka moja kwa moja kama basi la Mombasa usiku. Kwotabeki ana takriban sekunde tatu kabla ukuta haujabomoka na yeye kuangushwa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kwotabeki mzuri hamrushii mtu. Hurusha mahali. Mpira hutoka mkononi mwake wakati mpokeaji bado amempa mgongo, na mpokeaji akigeuka anaukuta umefika. Ni kama watu wawili wanaoagana kukutana pale Kencom saa saba kamili; mmoja anatoka Buruburu na mwingine Kangemi, hakuna anayemwona mwenzake njiani, lakini kila mmoja anajua mwendo wa mwenzake. Aliyeuinua mtindo huu kuwa elimu ni kocha Bill Walsh. Mapema miaka ya 1970 alikuwa msaidizi katika Cincinnati Bengals. Kwotabeki wao mwenye mkono wa nguvu aliumia bega, akabaki na Virgil Carter, ambaye hakuwa na uwezo wa kurusha mbali. Walsh akabuni pasi fupifupi zilizopimwa kwa hatua: kwotabeki akirudi nyuma hatua tatu, mpira huenda kwa huyu; akirudi tano, huenda kwa yule. Baadaye alikwenda nayo San Francisco 49ers, ikampa ubingwa wa misimu ya 1981, 1984 na 1988.

Haya yote kijana alinieleza kwa kokoto, Kiswahili chake kikichechemea. Dada yangu alikuwa na michezo kadhaa iliyorekodiwa kwenye kompyuta yake, na jioni tuliitazama. Macho yangu yalifuata mpira, kama yafanyavyo macho ya kila mtu. Kijana akanivuta mkono wa shati. "Mjomba, usitazame mpira!" Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mtu mmoja aliyesimama nyuma kabisa ya ulinzi, peke yake, mikono magotini. "Huyu. Tazama huyu."

Nikataka kujua huyo kazi yake nini. Hapo Kiswahili kilimwishia kijana, na changu pia hakikutosha. Tulikuwa tumeketi kwenye baraza la nyumba ya mama, naye akichambua maharagwe karibu yetu. Nilijaribu kumweleza kijana kwa mfano ninaoujua. Nilimwambia kwamba nilipokuwa mdogo kama yeye tulilinda mahindi yasiliwe na nyani, na watoto tuligawanywa shambani.

Mama akainua kichwa. "Kwani mnazungumza habari za nyani?"

Alisogeza ungo wake kando. Nyani ni nini, kijana aliuliza, na nyanya yake akainuka, akapinda mgongo, akatembea hatua tatu ambazo sitazisahau. Kijana alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha mama akaketi akafundisha. Alisema kuna njia mbili za kulinda mahindi. Ya kwanza ni kila mtoto kumwandama nyani wake. Njia hiyo ni nzuri kama watoto wana mbio na nyani ni wachache, lakini nyani ni mjanja. Mmoja hukuvuta mpaka mtoni, na nafasi uliyoiacha huingia ndugu zake. Njia ya pili ni kila mtoto kupewa sehemu yake. "Usimfuate. Kaa kwako. Akija kwako, ni wako. Akitoka kwako, ni wa mwenzako."

Kijana aliruka juu akalitaja lile neno kwa Kiingereza. Alikuwa ameuelewa ulinzi wa kanda kwa Kiswahili, kutoka kwa nyanya yake, na ule wa kwanza ni ulinzi wa mtu kwa mtu. Akauliza kwa Kiswahili, polepole, swali ambalo kila kocha wa Marekani anayefundisha pasi huliuliza: "Nyanya, na kwa hii ya pili, nyani inapita wapi?"

"Mpakani," mama akamjibu. "Kati ya mtoto na mtoto. Huyu hudhani ni kazi ya yule, na yule hudhani ni kazi ya huyu. Ndiyo maana mtu mzima huketi juu ya ulingo, aone shamba zima."

Basi yule mtu wa nyuma tukampa jina: mtu wa ulingo. Mpaka leo sijui jina lililo bora kuliko hilo.

Wamarekani huuhesabu ulinzi kwa idadi ya watu wanaobaki nyuma kuzuia pasi ndefu. Akiwa mmoja, aghalabu wenzake waliobaki wanacheza mtu kwa mtu naye yuko ulingoni kuwasaidia. Wakiwa wawili, kila mmoja ana nusu ya uwanja, na watano huwa mbele yao wakilinda kanda fupi. Upenyo huwa katikati kabisa, baina ya wale wawili, au pembeni nyuma ya mlinzi wa ukingoni. Wakiwa watatu, uwanja hugawanywa mafungu matatu na mbele hubaki wanne. Hapo pasi ndefu ni ngumu, lakini fupi za pembeni huwa kama sadaka, na wapokeaji wanne wakitimka pamoja, watatu wale hawatoshi. Hakuna ulinzi usio na mpaka wa kupenya. Kila upande unajua udhaifu wa mwenzake. Kinachofichwa ni leo umechagua upi.

Kwa hiyo mchezo wenyewe huanza kabla mpira haujasogea. Kwotabeki husimama akimsoma mtu wa ulingo. Ni mmoja au wawili? Halafu humtuma mpokeaji mmoja atembee kutoka upande huu hadi upande ule. Mlinzi akimfuata hatua kwa hatua, aghalabu ni mtu kwa mtu. Walinzi wakisogea kidogo tu kupokezana, ni kanda. Walinzi nao wana uongo wao. Husimama wawili nyuma, na mpira ukianza tu, mmoja anashuka mbio, na kile kwotabeki alichokisoma hakipo tena. Katika fainali ya kuwania Super Bowl ya Februari 2009, kwotabeki wa Arizona, Kurt Warner, alikuwa karibu kabisa na lango la Pittsburgh Steelers. James Harrison alitazamiwa kumvamia. Alijifanya anakuja, akarudi nyuma akasimama mahali pasi itakapopita, akainyaka, akakimbia nayo yadi 100 na kufunga. Steelers walishinda 27-23. Yule jamaa alikuwa na mwili wa tinga, lakini aliwashinda kwa kutulia.

Mtu anaweza pia kuusoma ulinzi kutoka ndani. Mnamo Januari 2003 Tampa Bay Buccaneers walikutana na Oakland Raiders kwenye fainali. Kocha wa Tampa Bay, Jon Gruden, alikuwa ametoka Raiders mwaka uliotangulia, na kwotabeki wa Raiders, Rich Gannon, alikuwa mwanafunzi wake. Gruden aliwaonyesha walinzi wake namna Gannon anavyopanga pasi na anavyopiga kelele za kuanza. Walimnyaka mara tano, na pasi tatu kati ya hizo zikarudishwa hadi kufunga. Matokeo yalikuwa 48-21. Binafsi naona fainali hiyo ni somo kwa kila mwajiri anayemwachia mfanyakazi wake aende kwa mshindani.

Nambari 29 kwenye shati la mpwa wangu ilikuwa ya Earl Thomas, mtu wa ulingo wa Seattle Seahawks. Timu hiyo ilitumia sana ulinzi wa mafungu matatu. Thomas alikuwa katikati, Richard Sherman pembeni, na Kam Chancellor alishuka mbele kama nyundo. Mwezi Februari 2014, miezi mitano kabla ya kijana kuja kwetu, walikutana katika fainali na Denver Broncos wa Peyton Manning. Msimu huo Manning alikuwa amerusha pasi 55 za kufunga, rekodi ya ligi, na Denver walikuwa wamepata pointi 606, nazo rekodi. Seattle hawakubuni lolote jipya. Walikaa kwao. Waliziacha pasi fupi zifike, na kila aliyezipokea wakamwangusha pale pale. Pasi 34 za Manning zilifika mikononi mwa wenzake, rekodi ya fainali kwa wakati huo, na bado Denver walilimwa 43-8. Mama aliposimuliwa hayo alitikisa kichwa akiridhika. Nyani wamekula majani, akasema, mahindi yamebaki.

Kijana aliporudi Tacoma mwezi wa Agosti tulikubaliana tuendelee kwa simu. Msimu ulipoanza Septemba alinipigia kila Jumatatu jioni, saa zetu, kabla hajaenda shule. Alieleza, nilimsahihisha ngeli. Sikumsahihisha sana, kwani mtoto akisahihishwa kila neno hunyamaza. Seattle walifika fainali tena, safari hii dhidi ya New England Patriots, mjini Glendale, Arizona, tarehe 1 Februari 2015.

Kwetu mchezo ulianza saa nane u nusu usiku, nami nilikuwa na kipindi cha historia darasani asubuhi ile ile. Nilitazama peke yangu, sauti ikiwa chini ili watoto wasiamke. Karibu na saa kumi na mbili alfajiri, Patriots wakiongoza 28-24, Jermaine Kearse wa Seattle aliudaka mpira akiwa amelala chali baada ya kumdundia mwilini. Mlinzi aliyekuwa naye aliitwa Malcolm Butler, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka chuo kidogo cha West Alabama ambaye hakuna timu iliyomchagua wakati wa kuchagua wachezaji. Jaribio lililofuata, Marshawn Lynch alibeba mpira hadi yadi moja kutoka mstarini. Yadi moja! Seattle walikuwa na majaribio matatu, na Lynch ni mtu ambaye kumwangusha ni sawa na kuangusha mbuyu. Dunia nzima ilijua atapewa tena.

Kocha Pete Carroll akaagiza pasi. Sekunde 26 zikiwa zimesalia, Kearse na Ricardo Lockette walisimama upande wa kulia, mmoja mbele ya mwenzake. Hila ilikuwa hivi: Kearse amkinge mlinzi, na Lockette akate ndani kwa mshazari nyuma ya mkingo huo, apokee mpira bila mtu. Ni dawa ya ulinzi wa mtu kwa mtu, kwani mlinzi wa Lockette hujikuta amekwama kwenye msongamano. Lakini aliyesimama mbele ya Kearse alikuwa Brandon Browner, ambaye mpaka msimu uliotangulia alikuwa mlinzi wa Seattle wenyewe. Alimshika Kearse pale pale mstarini, mkingo ukafa. Na nyuma yake alikuwa Butler. Patriots walikuwa wamelijaribu pigo hilo hilo mazoezini, na mazoezini Butler alifungwa nalo. Safari hii hakusubiri. Russell Wilson alipoinua mkono, Butler alikwisha anza kukimbia kuelekea mahali, si kuelekea mtu, akafika kabla ya Lockette na kuunyaka mpira.

Nilikaa kimya mbele ya runinga. Huko Tacoma ilikuwa saa moja jioni ya Jumapili. Dada yangu aliniandikia kwamba mtoto ameingia chumbani na amekataa chakula.

Kwa siku kadhaa magazeti na redio za Marekani hazikuwa na lugha nyingine ila kumlaani Carroll. Wengi waliita uamuzi wake upumbavu mkubwa kuliko wote katika historia ya fainali. Mimi sikukubaliana nao na bado sikubaliani. Seattle walikuwa wamebakiwa na nafasi moja tu ya kusimamisha saa. Pasi isipodakwa, saa husimama yenyewe, na majaribio mawili hubaki. Lynch akiangushwa, saa inaendelea kukimbia. Aidha, Patriots walikuwa wamejaza majitu mbele kumsubiri Lynch. Carroll alichagua hila ambayo siku nyingi ingempa ubingwa au isimpe chochote. Kilichomshinda ni mtu mmoja aliyeikumbuka. Kumwita kocha mpumbavu ni kumnyima Butler haki yake, na naona hilo ni baya zaidi.

Nilimweleza mpwa wangu hivyo Jumanne alipokubali kuja kwenye simu. Hakunijibu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Mjomba, Butler alitazama nini?" Nikamwambia namna wale wawili walivyosimama. Akasema, "Si mpira." Nikamwambia, si mpira.

Jumamosi alimpigia nyanya yake mwenyewe, bila kusukumwa na mama yake. Tangu azaliwe, simu zao zilikuwa za salamu na kimya. Siku hiyo walikaa dakika arobaini. Nilikuwa Taita kwa shughuli ya ukoo, na mama aliiweka simu mezani ili asikie vizuri, kwa hiyo nilisikia yote. Kijana alieleza lile jaribio tangu mwanzo mpaka mwisho. "Nyanya, nyani mbili ilisimama pamoja. Moja ilitaka kuzuia mtoto, ingine ipite. Lakini huyo mtoto mwingine alikuwa ameona hiyo wizi kwa mazoezi." Ngeli zilikuwa zimevunjika kila mahali, na mama hakuigusa hata moja.

Alipomaliza, mama alifikiri kidogo. "Kwa hivyo aliyeshinda ni mwenye shamba?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Basi vyema."

Kimya. Kisha kijana akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Nyanya, nyani ni timu yangu." Mama alicheka akafuta machozi kwa upindo wa kanga, na kule ng'ambo mtoto naye akaanza kucheka. Mama akamwomba radhi. Alimwambia hata nyani wana watoto wa kulisha, na kwamba mahindi yataiva tena.

Kijana huyo sasa yuko chuoni. Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao, lakini humfikisha anakotaka, na hutumia methali mahali pasipofaa. Mama amezeeka, masikio yamepungua, hivyo simu za Jumamosi hupigwa kwa sauti ya kuitana bondeni. Bado ananitumia michoro usiku wa manane, siku hizi kwenye simu badala ya mchangani. Wa karibuni unahusu ujanja ambao umeenea ligi nzima tangu makwotabeki wenye mikono mirefu kama Patrick Mahomes waanze kuzitisha timu: walinzi wawili husimama nyuma kila mara, katika kila jaribio, sura ile ile, na hakuna ajuaye nani atashuka mpaka mpira utoke. Ameniuliza kwotabeki atazame nini ikiwa ulingo una watu wawili na wote wana uso mmoja. Nimeutazama mchoro huo siku tatu. Nadhani jibu liko kwenye miguu ya yule wa kushoto, ambaye kisigino chake kimeinuka kidogo, lakini sina hakika, na Jumamosi nitamwonyesha mama.